Megawati zilizojificha darini

Butembo, mashariki mwa Congo, imekaa karibu mno na ikweta, na Beni iko kilomita 50 na kitu kaskazini yake. Kwa miji hiyo jua halina msimu. Januari ni kama Julai: saa kumi na mbili jioni na dakika chache jua limezama, na kabla maji ya bugali hayajachemka giza limeshatanda. Ulaya kuna jioni ndefu za kiangazi na jioni fupi za baridi, kwa hiyo saa ya kuwasha taa husogea mwaka mzima. Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, komuni zote nne za Butembo, huwasha kwa pamoja, ndani ya nusu saa ile ile, siku 365.

Nusu saa hiyo ndiyo mtihani wa kila laini. Televisheni, pasi, chaja za simu, na juu ya vyote taa, vyote vinadai kwa wakati mmoja. Nyumba ya mwisho kwenye laini huona balbu yake ikiwa nyekundu kama kaa la makala. Friji ya muuza soda inanguruma tu, haipozi. Mtoto anasogeza daftari hadi chini ya taa, kisha anakata tamaa na kwenda kulala. Kesho yake mtaani neno ni moja: umeme hautoshi, uongezwe.

Ni dai la haki, na wanaolitoa wana kila sababu ya kuendelea kulitoa. Lakini kuna umeme ambao umeshazalishwa, umeshasafirishwa, umeshalipiwa, na unaishia darini kama joto. Kuupata huo hakuhitaji turbini mpya wala nguzo. Kunahitaji kubadilisha balbu, na miji hii miwili ina sababu nyingi kuliko mingi Afrika za kulifanya hilo kwa bidii.

Nchi inayajua vizuri machungu ya umeme unaopita juu ya vichwa vya watu. Mtambo wa umeme wa maji wa Inga I ulianza kazi mwaka 1972, Inga II mwaka 1982, na laini ya kilomita 1,700 hivi ikavutwa kutoka huko hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi ya Katanga, ikiruka vijiji ambavyo hadi leo vinaangaza kwa utambi na tochi. Kivu ya Kaskazini haikuwa hata njiani. Nchi nzima leo, ni takriban mtu mmoja kati ya watano aliye na umeme nyumbani. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ndiyo iliyowafungulia mlango wawekezaji nje ya SNEL, shirika la umeme la taifa, na upande huu wa nchi iliyonufaisha watu ni mito midogo ya milimani. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ilianza mwaka 2013, hata kabla ya sheria hiyo, na megawati 0.4 tu. Matebe, huko Rutshuru, ilifuata mwisho wa 2015 na megawati 13 na ushee. Kisha ikaja Luviro, katika eneo la Lubero, yenye megawati 14.6. Mitambo hiyo imezaliwa ndani ya mpango wa Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, kwa wazo kwamba kijana mwenye kazi kiwandani hatalazimika kuingia msituni kuchoma makala.

Mitambo ya namna hii haina ziwa kubwa la akiba nyuma yake. Maji yanayopita saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala, yamekwenda; hayarudi kesho saa moja jioni kusaidia. Ndiyo sababu mwaka 2020 sehemu ya umeme wa Luviro ilianza kuendesha kompyuta za kuchimba bitikoini, sarafu ya mtandaoni: nguvu ilikuwapo, nyaya na wateja walikuwa bado. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba uhaba wa jioni ni uhaba wa mto peke yake. Ni uhaba wa transfoma, wa unene wa waya, na wa saa.

Tukadirie tu nyumba 20,000. Kila nyumba iwe na balbu tano za zamani, zile za waya unaowaka ndani ya kioo, za wati 60. Zikiwashwa zote saa moja jioni zinadai megawati 6. Badala yake ziwekwe LED tano za wati 9, ambazo mwanga wake ni ule ule, lumeni 800 hivi kila moja, na dai linashuka hadi megawati 0.9. Megawati 5.1 zimepatikana, na hakuna aliyekaa gizani. Mtambo wa kwanza wa Mutwanga ungehitaji kujengwa mara kumi na tatu ili kutoa kiasi hicho.

Sababu yake inaeleweka hata kwa mkono. Balbu ya zamani ikiwaka dakika kumi haishikiki. Katika umeme unaoingia humo, karibu sehemu 5 tu kwa 100 hutoka kama mwanga. Zilizobaki ni joto. Ni jiko dogo linalong'aa kidogo. Mfugaji wa vifaranga, katika baridi ya usiku wa Butembo, ana haki ya kuitunza, maana joto ndilo analolitaka. Sebule haina sababu hiyo. LED ilikuja kushinda pale wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipofanikiwa kupata mwanga wa buluu kutoka kwenye kipande kidogo cha madini. Bila buluu hakuna mweupe. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Anayetilia shaka hesabu za gazeti anaweza kuiona tofauti hiyo ukutani kwake. Mita ya kashi pawa, ile ya kulipia kabla, ina taa ndogo inayopepesa, na kando yake imeandikwa ni mipepeso mingapi hufanya kilowati-saa moja. Kwenye nyingi ni 1,000, kwenye nyingine ni 1,600 au zaidi. Kila kitu nyumbani kizimwe, friji ichomolewe, chaja zote ziondolewe, iachwe balbu moja ya wati 60. Kwenye mita ya 1,000, kile kitaa kitapepesa mara moja kila dakika. Kisha balbu hiyo itolewe, iwekwe LED ya wati 9. Mwenye nyumba atasimama mbele ya mita, atasubiri, ataanza kudhani imeharibika. Mpepeso unaofuata utakuja baada ya dakika sita na sekunde 40. Watoto wakiufanya mchezo huo jioni moja, hawasahau tena kuzima taa ya chumba kisicho na mtu.

Lakini nyumba nyingi za Butembo na Beni hazina mita ya kutazama. Zina paneli juu ya bati na batri chini ya kitanda, na huko ndiko balbu inapoamua usiku mzima. Paneli ya wati 50, katika miji yenye ukungu wa asubuhi na mvua za mchana, hesabu salama ni masaa manne ya jua kamili, yaani wati-saa 200. Batri na nyaya zikishachukua sehemu yao, zimebaki 140 hivi. Balbu ya wati 60 inazimaliza kwa saa mbili na dakika chache, na bado haijahesabiwa konvetisa, ile mashine ya kugeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220, ambayo nayo inakula hata ikiwa haina kazi. LED tano za wati 5, za volti 12, zilizofungwa moja kwa moja kwenye batri bila konvetisa, zinakwenda masaa matano na nusu. Jikoni, sebuleni, vyumba viwili na mlangoni. Paneli ile ile, jua lile lile.

Na batri inaishi. Hili halisemwi vya kutosha. Batri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikikamuliwa hadi mwisho kila usiku, haipiti miezi mingi kabla ya kufa, na kununua nyingine ndiko kunakozirudisha familia nyingi kwenye mshumaa. Taa zinazokunywa kidogo huiacha batri ikiwa nusu ifikapo asubuhi, na batri inayoachwa nusu hudumu zaidi.

Chini zaidi kuna watu wasio na paneli, na hao ndio wanaolipa mwanga kwa bei ya juu kuliko wote mjini. Tochi ya mawe makavu inaonekana rahisi kwa sababu jiwe linanunuliwa moja moja. Lakini jiwe kubwa la kawaida lina wati-saa chache tu. Ili kufikisha kilowati-saa moja mtu angenunua mawe zaidi ya 100. Hakuna mteja wa laini ambaye angekubali bei hiyo, na mama muuza ndizi anailipa kila wiki bila kujua. Utambi wa mafuta ya taa nao, zaidi ya hatari ya moto, hutoa masizi mengi ajabu: vipimo vya mwaka 2012 vilionyesha kwamba katika taa ndogo za kopo, sehemu 7 hadi 9 kwa 100 za mafuta yanayoungua hugeuka kuwa masizi meusi. Masizi hayo ndiyo yanayobaki kwenye pua ya mtoto anayesoma karibu na moto.

Grupu, yaani jenereta, ni habari tofauti, na hapa ushauri wa jumla unaweza kudanganya. Grupu ndogo ya esansi inakunywa hata ikiwa imebeba mzigo mwepesi. Mwenye grupu ya wati 900 anayebadilisha taa zake zote kuwa LED na kubaki na mzigo wa wati 45 hataona tofauti kubwa kwenye kopo la esansi. Faida inapatikana akiichaji batri kwa saa mbili kisha akaizima, au akawaunganisha majirani wengi zaidi kwenye mashine ile ile. Na hapo kwa majirani ndipo kuna desturi ya kurekebishwa. Wenye grupu wengi wanaouza umeme wa jioni mtaani hutoza kwa idadi ya taa, si kwa wati. Mteja anayelipia "taa moja" atafunga iliyo kubwa kuliko zote. Ni akili ya kawaida, hakuna wa kumlaumu. Wapangaji wanaogawana mita moja sawa kwa sawa wana shida hiyo hiyo: anayebana anamlipia asiyebana. Mwenye grupu au mwenye nyumba akianza kutoza kwa wati, balbu za zamani zitaondoka zenyewe.

Jambo hili limeshafanywa kwa ukubwa, tena jirani kabisa, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka sana, mitambo ya Jinja ikakosa nguvu, na Uganda ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Mwaka 2007 serikali yake iligawa bure taa 800,000 za kubana matumizi, zile za bomba lililojikunja, na dai la jioni likapungua kwa megawati 30 hivi. Hizo ni Luviro mbili, zilizopatikana bila kusubiri mtambo mpya. Kenya ilifuata mwaka 2010 na taa zaidi ya milioni moja. Cuba, miaka miwili kabla ya Uganda, ilikwenda nyumba kwa nyumba na kubadilisha balbu za nchi karibu nzima.

Butembo na Beni zina bahati moja ambayo Uganda haikuwa nayo: zinaanza wakati teknolojia ni nzuri zaidi. Zile taa za bomba lililojikunja zina zebaki ndani yake, kidogo lakini ni sumu, na zikivunjika au zikitupwa kwenye mto hakuna anayezikusanya. Nchi za Afrika zenyewe ndizo zilizosukuma jambo hilo katika mikutano ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na mwaka 2022 ikakubaliwa kwamba utengenezaji wake na biashara yake ya kimataifa vikome mwaka 2025. Maana yake ni kwamba akiba iliyobaki duniani itatafuta soko lisilo na macho. Miji ya wafanyabiashara inayoleta makontena kutoka Guangzhou na Dubai kupitia Mombasa ijihadhari isiwe soko hilo.

Tatizo kubwa la LED hapa ni ubora. Mtu hununua balbu kwa furaha, inazima baada ya miezi miwili, naye anatangaza mtaa mzima kwamba "taa za kubana ni uongo". Hakosei kukasirika. Sokoni zipo balbu ndogo kama yai la bata zilizoandikwa wati 50 ubavuni. Haiwezekani: joto la wati 50 ndani ya plastiki ndogo namna ile lingeiharibu siku ya kwanza. Mnunuzi asome lumeni, asiishie kwenye wati. 800 ni mwanga wa balbu ya zamani ya 60. Asome pia voltaji. Mahali ambapo umeme unapanda na kushuka, balbu iliyoandikwa 85-265V itavumilia pale iliyoandikwa 220-240V itakapokufa. Na muuzaji aombwe aiwashe palepale, mnunuzi aitazame kupitia kamera ya simu: mistari myeusi ikipita kwenye kioo, balbu hiyo inapepesa kupita kiasi, ingawa jicho halioni. Macho ya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa Serikali yanachoka, na kichwa chake kinaweza kuuma.

Lakini si haki kumtwika mama mwenye kikapu kazi ya maabara. Balbu nyingi zinazouzwa Butembo na Beni zilipita Kasindi, kwenye lango moja, mbele ya Ofisi ya Udhibiti ya Congo, OCC, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kupima bidhaa zinazoingia nchini. Kupima balbu chache kutoka kila shehena hakuhitaji vifaa vya ajabu: kipimo cha wati, kipimo cha mwanga, na boksi jeusi. Kinachoandikwa kwenye kasha kisipolingana na kilichomo, shehena isiingie. Congo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na inaweza kukaa meza moja na Uganda na Kenya wakakubaliana kipimo kimoja kwa bidhaa hizo hizo zinazopita barabara hiyo hiyo. Chama cha wafanyabiashara, FEC, kingelitaka hilo kabla ya wengine wote, kwa sababu mfanyabiashara mwaminifu anayeleta balbu nzuri ndiye anayepigwa na bei ya balbu ya uongo.

Kuna neno moja la usalama. Tangu Oktoba 2014 Beni na vijiji vyake vimezika watu wengi mno waliouawa usiku. Hakuna mwenye haki ya kumwambia mama wa Mulekera, huko Beni, azime taa ya nje ili kuokoa umeme, na makala hii haimwambii hivyo. Aiwashe hadi asubuhi. Usiku wa ikweta ni masaa 12, na LED ya wati 5 ikiwaka yote 12 imetumia wati-saa 60, ambazo ni sawasawa na kile ambacho balbu ya zamani mlangoni ingekula kwa saa moja tu. Kubana umeme kwa maana hiyo ni kumwezesha kuwasha zaidi.

Swali linalobaki ni nani atoe pesa ya kwanza, maana LED nzuri ina bei ya juu kuliko balbu ya waya, na mwenye kipato cha siku hanunui akiba ya mwaka. Likelemba za akina mama, vikundi vya kuchangiana kwa zamu, zinaweza kununua boksi zima kwa bei ya jumla na kugawana, kama zinavyonunua masufuria. Makampuni ya umeme nayo yana njia fupi zaidi: kumpa mteja taa tano, na kukata kidogo kidogo kila anaponunua uniti za kashi pawa. Kwa kuwa matumizi yake yameshuka, hataona analipa zaidi ya jana, na transfoma ile ile ya mtaa itabeba nyumba nyingine zilizokuwa zikiambiwa kila mwaka zisubiri.

Masharti yawe kubadilishana, si kugawa tu. Mwenye kuchukua mpya alete ya zamani, na ya zamani ipondwe mbele ya watu siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Vinginevyo inajulikana itakakokwenda: itafungwa kwenye gazeti, itapakiwa kwenye pikipiki pamoja na sabuni na chumvi, na itapelekwa kwa bibi kijijini, kule ambako laini mpya imefika mwezi uliopita tu na uniti hununuliwa kwa pesa ya kuku mmoja.